Sanduku la Maswali: Jimbo Kuu ni Kuu kwa Lipi?

Tangu Baba Mtakatifu Fransisko alipounda Jimbo la Bagamoyo tarehe 7 Machi 2025, barua nyingi zinazofika katika sanduku hili zimekuwa na swali moja lililovikwa mavazi mbalimbali: Jimbo Kuu ni kitu gani, limetoka wapi, na lina mamlaka gani juu ya majimbo mengine? Kwa kuwa wengi wenu mmeuliza kuhusu Dar es Salaam, ukurasa wote wa toleo hili nimeutoa kwa Jimbo Kuu hilo. Wasomaji wa Tabora, Mwanza, Songea, Arusha, Dodoma na Mbeya, ambako pia kuna Majimbo Makuu, watanisamehe, ingawa mengi nitakayoyasema kuhusu utaratibu yanawahusu na wao.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Katika jumuiya yetu tulibishana baada ya sala. Mimi nilisema kwamba Askofu Mkuu ni mkubwa wa maaskofu wa majimbo mengine, kama mkuu wa mkoa alivyo juu ya wakuu wa wilaya, na kwamba anaweza hata kuwahamisha. Mwenzangu alisema hapana, ni jina la heshima tu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Milele na milele, amina. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa naye ameuvuka kidogo. Mfano wako wa mkuu wa mkoa ndio unaowapoteza wengi, kwa sababu serikali hushuka kama ngazi: amri hutoka juu, ikapita kila kipandio mpaka ikamfikia mwananchi. Kanisa Katoliki halikupangwa hivyo. Kila askofu mwenye jimbo anapokea jimbo lake kutoka kwa Papa moja kwa moja, na anawajibika kwa Papa moja kwa moja. Askofu wa Mahenge hapokei maagizo ya kichungaji kutoka Dar es Salaam, hapelekei taarifa zake huko, na akitaka kumhamisha paroko au kufungua parokia mpya haombi ruhusa ya Askofu Mkuu. Kumhamisha askofu kutoka jimbo moja kwenda jingine ni kazi ya Papa peke yake.

Hata hivyo si jina tupu. Majimbo kadhaa yaliyo jirani hukusanywa katika kanda moja ya Kikanisa, na jimbo moja kati yao huwa ndilo Jimbo Kuu, likiongozwa na Askofu Mkuu ambaye sheria humwita Metropolitani. Kanuni ya 436 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 imemwekea kazi chache zilizohesabiwa. Anapaswa kuangalia kwamba imani na nidhamu ya Kanisa vinashikwa sawasawa katika majimbo ya kanda yake, na akiona kasoro anamjulisha Papa. Tazama vizuri hapo, anamjulisha, harekebishi yeye mwenyewe. Askofu wa jimbo akizembea kufanya ziara za kichungaji katika parokia zake, Metropolitani anaweza kuzifanya kwa niaba, lakini baada ya sababu kukubaliwa kwanza na Roma. Na jimbo likibaki wazi kwa kifo au uhamisho, baraza la washauri la jimbo hilo lina siku 8 za kumchagua padre wa kulisimamia kwa muda. Siku zikipita bila kumpata, Metropolitani ndiye humteua. Zaidi ya hayo, kanuni hiyohiyo inatamka waziwazi kwamba hana mamlaka mengine ya utawala katika majimbo hayo.

Ukitaka mfano wa nyumbani, mfikirie kaka mkubwa katika familia ambayo baba angali hai. Anaheshimiwa, hukaa mbele, huitwa panapotokea jambo, na akiona mdogo wake anapotea humwendea baba. Lakini shamba la mdogo wake halilimi wala haligawi.

Alama ya wadhifa huo ni pallio, kitambaa chembamba cha sufu nyeupe chenye misalaba sita myeusi, ambacho Askofu Mkuu hukivaa mabegani juu ya kasula, yaani vazi la nje la Misa, katika Ibada ya Misa, na hukivaa ndani ya kanda yake tu. Akihamishiwa Jimbo Kuu jingine anaomba pallio nyingine. Siku nyingine mkimwona Askofu Mkuu mgeni akiadhimisha Misa katika parokia yenu bila kitambaa hicho, msidhani amekisahau nyumbani.

SWALI: Sisi watu wa Bagamoyo tunafundishwa tangu utoto kwamba imani ya Kikatoliki katika Afrika Mashariki iliingilia kwetu mwaka 1868. Sasa imekuwaje Dar es Salaam, mji uliokuja baadaye, ukawa Jimbo Kuu, na sisi tukasubiri mpaka 2025 kupata jimbo la kawaida? Nauliza kwa heshima, lakini nauliza. – Msomaji, Bagamoyo.

JIBU: Umeuliza vizuri, na uchungu ulio katika swali lako una msingi. Jibu lake ni refu kwa sababu lina mambo mawili yaliyokutana: mgawanyo wa maeneo ya wamisionari, na siasa za ukoloni wa Kijerumani.

Mwanzo wa misheni hizi si Bagamoyo bali Unguja. Mwaka 1860 mapadre kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava, walifungua misheni mjini Zanzibar, na mwaka 1863 Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakaipokea. Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka bahari kuja Bagamoyo, wakaanzisha misheni na makazi ya watumwa waliokombolewa. Eneo lote hilo, kisiwa na bara, lilikuwa Prefektura ya Kitume, yaani eneo la misheni ambalo bado halijafikia kuwa jimbo. Mwaka 1883 likapandishwa kuwa Vikariati ya Kitume ya Zanguebar, yaani eneo la misheni lililo hatua moja kabla ya jimbo na linaloongozwa na askofu aitwaye vikari, chini ya Askofu Raoul de Courmont. Mpaka hapo hapakuwa na eneo la Kanisa lenye jina la Dar es Salaam.

Mwaka 1887 Roma iliikata sehemu ya kusini ya eneo hilo na kuifanya Prefektura ya Zanguebar ya Kusini, ikakabidhiwa kwa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, shirika changa la Kijerumani lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein miaka mitatu tu kabla yake. Wajerumani walikuwa wameanza kujichukulia nchi, na ilionekana kwamba wamisionari wa taifa lao wangefaa kufanya kazi humo. Neno hilo leo linatukera, nasi tuna haki ya kukereka, lakini ndivyo mambo yalivyopangwa. Wabenediktini walifika mwaka 1888 na kukaa Pugu, kisha Dar es Salaam. Bagamoyo ikabaki kaskazini ya mpaka, mikononi mwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu.

Mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ikahamisha makao makuu yake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa sababu ya bandari yenye kina. Hapo mizani ikaanza kuelemea upande mmoja. Wabenediktini wakajenga mbele ya bandari Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902, na mwaka huohuo prefektura yao ikawa Vikariati ya Kitume. Mwaka 1906 ndio ninaoupenda katika historia hii, maana mwaka huo majina mapya yaliingia katika ramani: vikariati ya kusini ikaitwa Vikariati ya Dar es Salaam, na kutoka ile ya kaskazini ikakatwa sehemu iliyokuja kuitwa Vikariati ya Bagamoyo, chini ya Askofu François-Xavier Vogt. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo Bagamoyo na Dar es Salaam zilisimama bega kwa bega, sawa kwa sawa.

Kilichotokea baadaye ni kwamba mji wa Bagamoyo ulipungua na kazi ya misheni ikahamia milimani na bara. Mwaka 1910 Kilimanjaro ikakatwa kutoka Bagamoyo na kuwa vikariati yake. Tarehe 25 Machi 1953, Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoanzisha rasmi uongozi kamili wa majimbo katika Tanganyika, Vikariati ya Bagamoyo ikawa Jimbo la Morogoro, na jina la Bagamoyo likafutika katika orodha ya majimbo. Siku hiyohiyo Dar es Salaam na Tabora zikafanywa Majimbo Makuu, moja kwa upande wa mashariki na jingine kwa upande wa magharibi. Dar es Salaam ilipewa hadhi hiyo kwa sababu ulikuwa mji mkuu wa nchi. Sidhani kama kulikuwa na sababu nyingine nzito kuliko hiyo.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, Jimbo la Bagamoyo la mwaka 2025 limeliokota jina lililoanguka miaka 72 kabla yake. Ardhi yake imetoka pande zote mbili, sehemu katika Jimbo la Morogoro na sehemu katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam, na askofu wake wa kwanza, Mhashamu Stephano Musomba wa Shirika la Mtakatifu Augustino, alikuwa Askofu Msaidizi wa Dar es Salaam tangu mwaka 2021. Mpaka wa mwaka 1887 uliowatenga Bagamoyo na Dar es Salaam umefutwa kwa namna yake, ndani ya jimbo lenu.

SWALI: Tulikwenda hija Pugu na kuambiwa kwamba kuna wamisionari waliouawa pale. Wengine wakasema aliyeuawa ni askofu, wengine wakasema ni masista. Naomba ufafanuzi. – Mwanafunzi, Kisarawe.

JIBU: Kuna matukio mawili hapo yanayochanganywa. La kwanza ni la Pugu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita ambavyo watu wa pwani walikuwa wakipigana na Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim, misheni ya Pugu ilivamiwa; mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa. Misheni yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wabenediktini waliobaki walijikusanya Dar es Salaam, na ndiyo sababu kazi yao ilianza upya mjini badala ya vilimani.

La pili halikutokea Pugu wala karibu na Pugu. Askofu Cassian Spiss, vikari wa kwanza, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, walipokuwa wakisafiri kutoka Kilwa kwenda Peramiho wakati Vita vya Maji Maji vimeanza. Nakushauri ukisimulia habari hizi usiwasahau waliokuwa upande wa pili wa mkuki. Waliopigana hawakuwa na nafasi ya kutenganisha padre wa Kijerumani na mtoza kodi wa Kijerumani, na Wajerumani wenyewe hawakuwasaidia sana kuona tofauti hiyo.

SWALI: Nilibatizwa Kwiro mwaka 1958. Hivi karibuni nilihitaji cheti kwa ajili ya ndoa ya mjukuu wangu, na mahali pa jina la jimbo pameandikwa Dar es Salaam. Mimi ni mtu wa Mahenge, sikufika Dar es Salaam mpaka nilipokuwa na miaka ishirini. Karani wa parokia anasema huenda cheti kina kosa. Nifanyeje? – Mzee, Ifakara.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Cheti chako hakina kosa, na karani wako anahitaji kusoma historia ya mahali anapofanya kazi. Mwaka 1958 hapakuwa na Jimbo la Mahenge. Kwiro, Mahenge na Ifakara zote zilikuwa ndani ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, ambalo wakati huo lilianzia baharini na kupanda mpaka kwenye bonde la Kilombero. Jimbo la Mahenge lilizaliwa mwaka 1964, likimpata kama askofu wa kwanza Mhashamu Elias Mchonde, ambaye kabla ya hapo alikuwa Askofu Msaidizi wa Dar es Salaam tangu mwaka 1956. Na Ifakara unakoishi sasa ikakatwa kutoka Mahenge mwaka 2012. Kwa hiyo wewe umekuwa muumini wa majimbo matatu bila kuhama.

Naomba wasomaji wengine waone jambo hapa. Historia ya Dar es Salaam ni historia ya kukatwa. Mwaka 1913 upande wa Lindi ulitengwa, na katika eneo hilo yakachipuka baadaye Peramiho na Ndanda. Mwaka 1922 Iringa ikatengwa na kupewa Wamisionari wa Consolata. Kisha Mahenge, na sasa sehemu ya Bagamoyo. Katika kanda pia ni vivyo hivyo. Mpaka mwaka 1987 nchi nzima ilikuwa na Majimbo Makuu mawili tu. Mwaka huo Songea na Mwanza yakapandishwa, Arusha ikafuata 1999, Dodoma 2014, na Mbeya mwishoni mwa mwaka 2018. Katika mabadiliko hayo Dar es Salaam ilipunguziwa majimbo: Iringa ilikwenda Songea, Moshi ikaenda Arusha, nayo Dodoma yenyewe ikajitegemea. Anayedhani kwamba ukuu wa Jimbo Kuu ni ukubwa wa eneo, aitazame ramani ya 1887 na ya leo, aone ni kiasi gani kimebaki.

Waliokubatiza wewe, kwa uhakika, ni Wakapuchini, watawa wa Kifransisko, kutoka Uswisi au mapadre wenyeji waliolelewa nao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafukuza Wabenediktini wa Kijerumani, na askofu wao, Thomas Spreiter, akaishia kufanya kazi Afrika Kusini, huko Eshowe. Uswisi haikuwa upande wowote katika vita ile, na hivyo Wakapuchini wake walikubalika. Walifika mwaka 1921. Askofu Gabriel Zelger aliongoza mpaka 1929, akafuatwa na Edgar Maranta, aliyekuwa vikari tangu 1930, akawa Askofu Mkuu wa kwanza mwaka 1953, akang'atuka mwaka 1968. Miaka 38! Ni ajabu kwamba Askofu Mkuu aliyeshika jimbo mwaka 2019, Mhashamu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, naye ni Mkapuchini, ingawa huyu ametoka Kilema, Kilimanjaro, si milima ya Alpi.

SWALI: Kwa nini Tabora wana Kardinali na sisi Dar es Salaam hatuna, wakati Dar es Salaam ndiyo kubwa? Je, tumeshushwa cheo? – Msomaji, Kinondoni.

JIBU: Hapana, hamkushushwa. Ukardinali si cheo cha jimbo. Ni wito ambao Papa humpa mtu amtakaye ili amshauri, na kama hajatimiza miaka 80, ashiriki kumchagua Papa mpya. Jimbo halina haki ya kudai Kardinali.

Ushahidi wa jambo hili uko hapahapa kwetu. Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali katika nyakati hizi, aliitwa na Papa Yohane wa Ishirini na Tatu mwezi Machi 1960, akiwa Askofu wa Rutabo, jimbo dogo la Buhaya ambalo leo hata jina lake wengi hawalijui. Mwaka huohuo jimbo hilo likawa Jimbo la Bukoba. Kwa miaka minane iliyofuata Bukoba ilikuwa na Kardinali, ilhali Askofu Mkuu wa kanda yake, Marko Mihayo wa Tabora, hakuwa Kardinali. Mdogo alivaa nyekundu, mkubwa akavaa zambarau, na kazi ikaenda. Rugambwa alihamishiwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1968, akaiongoza hadi 1992. Aliyempokea, Polycarp Pengo, alikuwa Askofu Mkuu kwa karibu miaka sita kabla ya kufanywa Kardinali mwaka 1998. Kwa kuwa hao wawili walifuatana kwa zaidi ya nusu karne, watu wa Dar es Salaam wamezoea kuona kofia nyekundu katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mazoea yamegeuka kuwa haki vichwani mwao.

Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora, aliyefanywa Kardinali mwaka 2023, hana uhusiano na kiti cha Dar es Salaam. Nalisema hili kwa sababu msomaji mmoja aliniandikia akiamini kwamba ni Rugambwa yuleyule. Yule wa kwanza alifariki tarehe 8 Desemba 1997.

Kuhusu namna ya kuwaita, ambalo pia umeliuliza pembeni: Kardinali huitwa Mwadhama, Askofu na Askofu Mkuu huitwa Mhashamu, na katika mazungumzo ya kawaida "Baba Askofu" linatosha na halijawahi kumkasirisha yeyote.

SWALI: Nimehamia Dar es Salaam kutoka Kigoma kwa ajili ya kazi. Nilipotaka kujiandikisha parokiani niliulizwa jumuiya yangu, kigango changu, na barua ya kutoka nilikotoka. Kwani Mkatoliki si Mkatoliki popote? Na huyu dekano anayetangazwa kila Jumapili ni nani? – Kijana, Gongo la Mboto.

JIBU: Mkatoliki ni Mkatoliki popote, lakini anahudumiwa mahali fulani na mtu fulani, na barua ile ni ya kukutambulisha ili usikutane na mkanganyiko siku utakapotaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto. Kisheria unakuwa wa parokia unayoishi tangu siku unapohamia ukiwa na nia ya kubaki, au hata kama huna nia hiyo, baada ya kukaa miaka mitano. Na miezi mitatu tu inatosha kukupa makazi ya muda. Hakuna anayeweza kukunyima sakramenti kwa sababu ya kukosa stakabadhi ya mchango, na ukiambiwa hivyo mwone paroko mwenyewe, si mwenyekiti wa jumuiya.

Sasa mpangilio. Chini kabisa ipo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, familia jirani zinazokutana kila juma kusali na kusoma Neno katika nyumba ya mmoja wao. Zilifanywa kuwa njia rasmi ya kichungaji na maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki ambao mbegu yake ilipandwa katika mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1961, kwa maamuzi ya mikutano ya 1973 na 1976. Jumuiya kadhaa hufanya kigango, vigango hufanya parokia chini ya paroko, na parokia za eneo moja hufanya dekania. Dekano ni mmoja wa maparoko hao aliyepewa kazi ya kuratibu, kuwatazama mapadre wenzake wasikae wapweke, na kuhakikisha vitabu vya ubatizo na ndoa vinatunzwa. Si askofu mdogo.

Juu ya dekania kuna ofisi za Jimbo Kuu. Makamu wa Askofu hutenda kwa jina lake katika utawala. Kansela hutunza hati na mihuri. Baraza la mapadre hutoa ushauri. Na ndani yake Askofu huteua baraza la washauri, lenye mapadre wasiopungua 6 wala kuzidi 12, ambalo lazima lisikilizwe katika mambo makubwa ya fedha. Halmashauri ya uchumi, ambamo walei wenye ujuzi huingia, hupanga bajeti na kukagua hesabu. Zaka unayotoa Gongo la Mboto na michango ya kulitegemeza jimbo hupita mbele ya macho yao. Kisha kuna vyama vya kitume utakavyovisikia: WAWATA kwa akina mama, UWAKA kwa akina baba, VIWAWA kwa vijana kama wewe, TYCS kwa wanafunzi, na Utoto Mtakatifu kwa watoto.

Maaskofu wasaidizi nao ni maaskofu kamili, lakini jimbo si lao, na ili askofu asikose kiti, hupewa jina la jimbo la kale lililokwisha kufa. Askofu mwandamizi ni jambo jingine: huyo huletwa akiwa na haki ya kurithi, na siku Askofu Mkuu anapong'atuka yeye anakuwa Askofu Mkuu papo hapo. Ndivyo alivyokuja Pengo mwaka 1990 na Ruwa'ichi mwaka 2018.

SWALI: Sisi wa Visiwani tuko chini ya Dar es Salaam, lakini marehemu babu alikuwa akisema jimbo letu ni la Mombasa. Alikosea? – Msomaji, Mji Mkongwe.

JIBU: Babu hakukosea. Mwaka 1955 liliundwa jimbo moja lililoitwa Mombasa na Zanzibar, lililokuwa katika kanda ya Nairobi. Baada ya Mapinduzi, mwezi Desemba 1964, Unguja na Pemba zikatengwa, na mwaka 1980 Zanzibar ikawa jimbo kamili katika kanda ya Dar es Salaam, pamoja na Morogoro, Tanga na Mahenge, na baadaye Ifakara na Bagamoyo. Kanisa lenu la Minara Miwili nalo ni la Mtakatifu Yosefu, kama la Dar es Salaam, jambo ambalo limewahi kumpoteza mgeni mmoja wa harusi aliyepanda boti asubuhi kwenda Unguja wakati bibi harusi alikuwa ng'ambo ya pili.

SWALI: Mahakama ya Kanisa katika jimbo moja la kanda hii imekataa shauri langu la ndoa, na nimeambiwa "yameisha". Je, naweza kwenda kwa Askofu Mkuu? – Jina limehifadhiwa.

JIBU: Hayajaisha. Hapa ndipo uhusiano wa jimbo na Jimbo Kuu unapomgusa mtu wa kawaida. Hukumu ya mahakama ya jimbo la kanda inakatiwa rufaa katika mahakama ya Metropolitani, na una hiari ya kupeleka rufaa hiyo moja kwa moja kwenye Rota ya Roma, yaani mahakama ya rufaa ya Papa, ingawa huko ni mbali na lugha ni ngumu. Rufaa unaiwasilisha kwa hakimu yuleyule aliyetoa hukumu, ndani ya siku 15 tangu ulipojulishwa hukumu rasmi. Omba hukumu kwa maandishi pamoja na sababu zake. Ikiwa ulielezwa kwa mdomo tu, basi siku zako huenda hata hazijaanza kuhesabiwa. Usimwandikie Askofu Mkuu barua ya malalamiko, kwa kuwa atairudisha ilikotoka. Mwone wakili wa Kanisa katika ofisi za mahakama, na uende juma hili.